Barua za Wastaafu: Murumbi Nairobi, Blundell Oxford

Barua anazoandika kiongozi baada ya kuacha ofisi hazifanani na zile alizotia sahihi akiwa waziri. Barua ya waziri huandaliwa na maofisa, hupigwa chapa na karani, na nakala yake hubaki kwenye jalada la wizara. Akistaafu, hana karani wala jalada. Anaandika kwa mkono wake, kwa rafiki wa zamani, kwa mwanawe aliye ng'ambo, kwa mtafiti aliyemwomba maelezo, na humo huyasema mambo ambayo kiapo cha ofisi na hofu ya wenzake vilimzuia kuyasema. Kwa mwanahistoria hakuna karatasi zenye thamani kuliko hizo, na hakuna zinazopotea upesi kama hizo. Sheria ya Nyaraka za Taifa ya Kenya, Sura ya 19, ilitungwa mwaka 1965 hasa kwa ajili ya kumbukumbu za serikali. Barua za mtu binafsi hufika kwenye hifadhi ya taifa pale mwenyewe au familia yake inapokubali kuzitoa au kuziuza. Uamuzi wa mzee mmoja, katika miaka yake ya mwisho, ndio unaoamua wajukuu wa eneo lake watasomea wapi habari za kwao.

Wakazi wa Kabazi wana mfano wa karibu. Sir Michael Blundell alikuwa mkulima wa bonde la Subukia, Nakuru, ambalo leo liko katika eneo bunge ambalo Kabazi ni mojawapo ya wadi zake. Alizaliwa London mwaka 1907, akafika Kenya 1925 akiwa kijana wa miaka 18, na kuanzia 1948 akawawakilisha walowezi wa Bonde la Ufa katika Baraza la Kutunga Sheria. Alikuwa Waziri wa Kilimo mara mbili, kwanza 1955 hadi 1959, kisha tena kuanzia 1961. Katikati ya vipindi hivyo aliongoza chama cha New Kenya, kilichotaka siasa za watu wa rangi zote, na kwenye mkutano wa katiba wa Lancaster House mwaka 1960 akakubali kwamba utawala wa Waafrika unakuja. Aliporudi Nairobi, mlowezi mmoja alimtupia sarafu thelathini miguuni pale uwanja wa ndege na kumwita Yuda. Tofauti na walowezi wengi waliouza mashamba na kuondoka, yeye alibaki Kenya. Aliongoza bodi ya kampuni ya bia, akaongoza baraza la Chuo cha Kilimo cha Egerton kule Njoro, na uzeeni akageukia maua ya porini, akayaandikia kitabu cha mwongozo kilichotoka 1982. Alifariki Nairobi mwaka 1993.

Karatasi za miaka yake ya siasa ziko Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza. Kati ya 1963 na 1972 chuo hicho kilikuwa na mradi maalumu wa kukusanya barua, shajara na kumbukumbu za Waingereza waliofanya kazi katika makoloni, na maktaba ya Rhodes House ikawa ghala lao kuu. Leo makusanyo hayo yanasomwa katika Maktaba ya Weston, na za Blundell zina namba yake, MSS. Afr. s. 746. Zimetunzwa vizuri, na hilo lina heshima yake. Lakini mwalimu wa historia wa Kabazi anayetaka kujua mashamba makubwa ya Subukia na Solai yalijadiliwaje kabla ya kugawanywa anahitaji viza na nauli ya ndege ili afungue boksi linalozungumzia kilima anachokiona dirishani. Watu ambao nguvu zao ziliyalima mashamba hayo wanastahili angalau nakala ya boksi hilo katika kituo cha kumbukumbu cha Nakuru.

Joseph Murumbi alichagua njia nyingine. Alizaliwa mwaka 1911 Eldama Ravine, kaskazini-magharibi mwa Nakuru, baba akiwa mfanyabiashara Mgoa na mama Mmaasai, binti wa laiboni. Alisomeshwa India, akafanya kazi Somalia chini ya utawala wa kijeshi wa Waingereza, akashika ukatibu wa chama cha Kenya African Union (KAU) wakati viongozi wake walipokamatwa, kisha akaishi uhamishoni London hadi 1962. Baada ya uhuru akawa Waziri wa Mambo ya Nje, na Mei 1966 Makamu wa Rais. Hakumaliza mwaka. Sababu iliyotangazwa ilikuwa afya. Waliomfahamu wametaja pia kuuawa kwa rafiki yake Pio Gama Pinto, Februari 1965, na unyakuzi wa mali uliomchukiza. Januari 1967 nafasi yake ilichukuliwa na Daniel arap Moi.

Miaka ishirini na zaidi iliyomsalia aliitumia kukusanya. Alinunua sanaa ya Afrika, stempu na vitabu, na, jambo ambalo wakusanyaji wengi huliacha, alitunza barua. Pamoja na mkewe Sheila na Mmarekani Alan Donovan alianzisha jumba la sanaa la African Heritage jijini Nairobi. Baada ya kuacha siasa alikuwa pia kaimu mwenyekiti wa Nyaraka za Taifa, kazi iliyomfaa kuliko cheo chochote alichowahi kupewa. Nchi za nje zilitaka kuununua mkusanyo wake. Yeye akauuza kwa serikali ya Kenya katika miaka ya 1970, pamoja na nyumba yake ya Muthaiga, kwa makubaliano kwamba patakuwa taasisi ya masomo ya Afrika. Kisha akahamia shamba lake la Intona, Transmara.

Taasisi haikujengwa. Nyumba ilibomolewa, na Murumbi aliishi hadi kuliona hilo. Alifariki Juni 1990, akazikwa City Park, karibu na kaburi la Pinto. Kilichosalimika ni karatasi: Nyaraka za Taifa zinahesabu vitabu na mafungu ya barua zaidi ya 50,000 kutoka kwake, vikiwemo vitabu adimu zaidi ya 8,000 vilivyochapishwa kabla ya 1900. Sanaa yake inaonekana ghorofa ya chini ya jengo la Nyaraka za Taifa, Barabara ya Moi. Anne Thurston, mtaalamu wa nyaraka, alirekodi mazungumzo marefu naye, na mwaka 2015 yakatoka katika kitabu. Mazungumzo ya aina hiyo huziba pengo ambalo barua haziwezi kuliziba, kwa kuwa mwandikaji wa barua haelezi yale ambayo mpokeaji tayari anayajua.

Umuhimu wa uamuzi wa Murumbi wa kuacha karatasi zake nchini ulionekana zaidi mwaka 2011. Katika kesi ya wazee wa Mau Mau mjini London, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba majalada yapatayo 1,500 yaliyoondolewa Kenya karibu na uhuru yalikuwa yamefichwa Hanslope Park, Uingereza. Kenya ilikuwa imeyadai tangu miaka ya 1960, ikakataliwa.

Moi, mrithi wa Murumbi katika umakamu wa rais, aliyestaafu urais Desemba 2002, akaishi Kabarak na kufariki Februari 2020, alifuata desturi ya wanasiasa wengi wa Bonde la Ufa: wajumbe walimwendea nyumbani, wakala chakula, wakazungumza faragha. Siasa ya namna hiyo haiachi karatasi.

Hata pale barua zilipohifadhiwa, kuzichapisha ni jambo lingine. Mpokeaji anamiliki karatasi. Maneno ni mali ya aliyeandika, na baada yake ya warithi wake. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inayalinda kwa miaka 50 baada ya mwaka wa kifo, kwa hiyo barua alizoandika Murumbi zitakuwa huru kuchapishwa mwisho wa 2040, na za Blundell mwisho wa 2043. Uingereza, ambako kipindi ni miaka 70, za Blundell zitasubiri hadi mwisho wa 2063. Kabla ya hapo msomaji anaweza kuzisoma mezani na kunukuu kwa kiasi, na anayetaka kuzitoa kitabuni sharti awatafute warithi na kuomba idhini yao kwa maandishi.