NYOTA YETU MPINGO

Usiku wa giza ukisimama ufukoni Bukoba, au ukivuka kwenda Bumbire wilayani Muleba, huziona taa za wavuvi wa dagaa zimetapakaa ziwani. Nondo apitaye mbele ya taa moja humwoni kwa umbali ule. Lakini jicho lingekuwa kali kupita kiasi, lingetambua kwamba mwanga umepungua kidogo. Hivyo ndivyo wataalamu wanavyozigundua sayari nyingi za majua mengine. Zimekwisha kuthibitishwa zaidi ya 5,000.

Moja ni yetu kwa jina. Mwaka 2019 nyota WASP-71 ilipewa jina la Mpingo, na sayari yake Tanzanite, kwa pendekezo la Watanzania. Wala mtu asidhani kwamba huko kuna migomba! Sayari hiyo ni nzito kuliko Mshtarii zaidi ya mara mbili, nayo huizunguka nyota yake kwa siku tatu kasoro. Imeikaribia mno, hata tone la maji halikai.

Kinachotafutwa ni dunia iliyo mbali na jua lake kwa kadiri, maji yake yasichemke yakaisha wala yasigande yote. Nyota TRAPPIST-1, ambayo mwanga wake hutufikia baada ya miaka 40 hivi, ina sayari saba. Tatu kati yake hudhaniwa kuwa katika umbali huo.

Jina tulilitoa sisi. Vyombo vilivyoigundua havikuwa vyetu. Nasi hapa, jirani na ikweta, mvua ikitupisha, huziona nyota za kaskazini na za kusini pia. Je, ni shule ngapi za Bukoba na Muleba zenye darubini hata moja?