Sifa Isiyotimia: Vitenzi vya Masharti katika Kuwaeleza Watu kwa Kiingereza

Kivumishi cha Kiingereza, yaani neno linalotaja sifa ya mtu kama vile urefu, wema au ukali, hakibadiliki umbo kinapotoka kwa mtu mmoja kwenda kwa watu wengi, wala hakionyeshi wakati. Kwa sababu hiyo, kazi ya kumjulisha msomaji kama mtu anayo sifa hiyo, aliwahi kuwa nayo, au hakuwa nayo kamwe, huachiwa kitenzi kidogo kinachotangulia. Wanafunzi wengi wa lugha hiyo hukariri vivumishi kwa bidii na kuvipita vitenzi hivyo upesi, ilhali hukumu juu ya mtu anayeelezwa imo humohumo, na anayekosea kitenzi hupata picha ya mtu mwingine kabisa.

Vitenzi vyenyewe ni vichache, navyo ni “would”, “could”, “should” na “might”. Huitwa vitenzi visaidizi kwa kuwa havijitoshelezi, bali husimama mbele ya kitenzi kingine, na panapokuwa na sifa kitenzi hicho kwa kawaida ni “be”, yaani kuwa. Kihistoria vyote vinne ni maumbo ya wakati uliopita ya vitenzi vilivyokuwa na maana kamili katika Kiingereza cha kale: “would” kilitokana na kutaka, “should” na kuwiwa deni, “could” na kujua, na “might” na kuwa na nguvu. Hata herufi “l” iliyomo katika “could” haina asili yake hapo, kwani iliingizwa baadaye kwa kuiga tahajia ya “would” na “should”, na haitamkwi.

Kwamba umbo la wakati uliopita ndilo lililochukua kazi ya masharti si jambo la bahati, kwa kuwa Kiingereza hutumia umbali wa wakati kuonyesha umbali kutoka kwenye ukweli. Katika sentensi “If he were rich, he would be generous”, yaani angekuwa tajiri angekuwa mkarimu, hakuna habari yoyote ya jana, kwa maana mtu huyo ni fukara leo hii, na umbo “were” limerudishwa nyuma ili kuonyesha kwamba utajiri huo haupo. Kiswahili hufikia maana hiyo kwa njia tofauti, kwa kupachika kiambishi -nge- ndani ya kitenzi chenyewe na kukirudia pande zote mbili za sentensi, ilhali Kiingereza sanifu huweka umbo la wakati uliopita upande wa sharti na kuiacha “would” upande wa matokeo peke yake. Hapo ndipo Mswahili anapoponzwa na lugha yake, kwa kuwa aliyezoea kusema “angekuwa” mara mbili huona ni halali kuandika “would be” mara mbili pia.

Sharti linapohusu mambo yaliyokwisha kupita, Kiingereza huongeza kitenzi “have” na kupata “would have been”, umbo linalolingana na -ngali- ya Kiswahili kama inavyoelezwa katika vitabu vya sarufi tangu kile cha E. O. Ashton cha mwaka 1944, ingawa katika mazungumzo ya kila siku wasemaji wengi wa Kiswahili huchanganya -nge-, -ngeli- na -ngali- bila kujali. Umbo hili hupendwa sana na waandishi wa wasifu wanapowazungumzia waliokufa mapema. Mshairi John Keats alifariki Roma mwaka 1821 akiwa na umri wa miaka 25, na mhakiki anayeandika kwamba angaliishi zaidi “he would have been greater” humpa ukuu ambao hakuna ushahidi uwezao kuuthibitisha wala kuukanusha. Ni sifa ya heshima, lakini ni sifa ya mtu ambaye hakuwahi kuwako, na msomaji makini hana budi kuitenganisha na ile ya Keats aliyeishi na kuandika.

Matumizi yaliyo tajiri kuliko yote hutokea kistari kinapoviunganisha vitenzi viwili na kuvifanya kivumishi kimoja, “would-be”, kinachotangulia jina la mtu. Hapa maana ya kale ya kutaka imesalia, kwani “a would-be poet” si mtu ambaye angekuwa mshairi endapo sharti fulani lingetimia, bali ni mtu anayetaka kuwa mshairi na hajawa. Ben Jonson aliitumia maana hiyo katika tamthilia yake “Volpone”, iliyochapishwa mwaka 1607, alipomwita mhusika mmoja Sir Politic Would-be, jina lililoundwa kwa kivumishi chenye maana ya mwerevu wa mambo ya utawala kikifuatwa na kitenzi kinachokinyang’anya maana hiyo. Mwingereza huyo anayezurura Venice hujidai kuzijua siri za dola zote, lakini shajara yake inapofunguliwa yanaonekana mambo madogo madogo ya siku yake, na anapotishwa kwamba anasakwa kwa njama dhidi ya serikali hujificha ndani ya gamba la kobe. Jonson hakuhitaji kumtukana popote, kwa kuwa jina lilikuwa limekwisha kumhukumu kabla hajafungua kinywa.

Hata hivyo kivumishi hiki hakibebi dharau kila mahali, na uzito wake hutegemea nomino inayokifuata. Likitajwa kosa la jinai, kama katika “a would-be robber”, maana yake ni aliyejaribu kupora akashindwa. Ukitajwa ununuzi wa nyumba, ni mtu mwenye nia tu, bila lawama. Ikitajwa sanaa au cheo, mara nyingi mwandishi anadokeza kwamba mhusika hastahili anachokitaka. Mfasiri wa habari anayeandika mtia nia kama isemwavyo Tanzania, au mwaniaji kama isemwavyo Kenya, hutoa maana sahihi ya nia, lakini dharau ya mwandishi wa kwanza, kama ilikuwapo, hupotea njiani, na pengine itamlazimu aongeze neno kama anayejidai ili kuirudisha.

Kadiri “will”, kitenzi kilichozaa “would”, kilivyopoteza maana ya kutaka na kubaki alama ya wakati ujao, Waingereza na Wamarekani walihitaji neno jipya kwa kazi ileile, nalo likapatikana katika matamshi ya haraka ya “want to be”. Mwaka 1985 vijana wa Marekani waliovaa na kujipamba kama mwimbaji Madonna waliitwa “wannabes”, na mwaka 1996 kundi la Spice Girls la Uingereza liliupa wimbo wake wa kwanza jina hilo. Kwa hiyo lugha ilirudia safari iliyokwisha kuifanya karne nyingi kabla, kwa kuchukua kitenzi cha kutamani na kukifanya sifa ya mtu.

Umbo linalowapotosha zaidi wasomaji wa Kiswahili ni “could be”, kwa sababu wakati mwingine si la masharti hata kidogo. Mwandishi wa wasifu anaposema juu ya Samuel Johnson, mtunga kamusi aliyefariki London mwaka 1784, kwamba “he could be rude”, hasemi kwamba Johnson angeweza kuwa na maneno makali, bali kwamba mara kwa mara alikuwa nayo kweli, hasa katika mabishano. Mwandishi huyohuyo akiongeza “he could be kind”, anataja vitendo vilivyofanyika, kwani Johnson aliwapa makao nyumbani kwake watu fukara na wagonjwa, akiwamo mshairi kipofu Anna Williams, na sehemu kubwa ya mali yake alimwachia Francis Barber, mtumishi wake aliyezaliwa utumwani Jamaika. Atakayefasiri sentensi hizo kwa “angeweza kuwa” atakuwa ameufuta ukali uliotendeka na kuugeuza wema uliotendeka kuwa jambo la kudhaniwa tu, ilhali Kiswahili kinayo njia nyepesi ya kusema hayo, nayo ni “kuna nyakati alikuwa mkali” na “kuna nyakati alikuwa mwema”.