Mkwe wa Miaka 9

Asomaye madaftari ya hesabu ya watu ya Uingereza ya karne ya 19, kwa nia ya kuijua nasaba ya jamaa fulani, aghalabu hukutana na mtoto mdogo aliyeandikwa kuwa ni mkwe. Tuchukue ukurasa wa mfano, wenye sura ya kurasa nyingi za mwaka 1851: mwenye nyumba ana miaka 38, mkewe 44, na chini yao yupo mvulana wa miaka 9, mwenye jina la ukoo lisilokuwa la mwenye nyumba, ambaye karani amemwandika "son-in-law", neno ambalo leo maana yake ni mume wa binti.

Msomaji mwenye haraka hudhani karani alisinzia. Hakusinzia. Katika Kiingereza cha zama zile neno hilo lilichukua maana mbili, mkwe na mtoto wa kambo, kwa kuwa wote wawili huja nyumbani kwa njia ya ndoa wala si kwa damu. Na Charles Dickens, katika riwaya yake Pickwick Papers ya 1836 na 1837, amemfanya mhusika wake Sam Weller amwite mke wa babake kwa jina ambalo Waingereza wa leo humwitia mama mkwe.

Hadhari ya pili ni kubwa zaidi, na wengi huipuuza. Hesabu ya 1841 haikuuliza uhusiano kabisa; ile ya usiku wa 30 Machi 1851 ndiyo iliyoanza kuuliza, lakini iliuliza uhusiano wa kila mtu na mkuu wa nyumba peke yake. Basi aliyeandikwa mwana ni mwana wa mkuu, na yamkini mama aliyemzaa amekwisha fariki na huyu aliyeandikwa mke ni mama wa kambo. Nimeona shajara za ukoo ambamo marehemu wa namna hiyo amefutika kabisa, watoto wake wakapewa mama mwingine, na jambo hilo hunisikitisha, maana mtu aliyezaa na kulea hastahili kupotezwa na safu moja ya daftari.

Kwetu sisi wasemaji wa Kiswahili upo mtego mwingine. Tukikuta "nephew" twaandika mpwa, na mpwa kwa wazee wa pwani ni mtoto wa dada, ilhali mtoto wa ndugu mume huitwa mwana tu. Mwingereza hakutenga hayo, naye hulitumia neno lake hata kwa mtoto wa ndugu za mkewe. Afadhali kuandika "mtoto wa ndugu, upande haujulikani", kuliko kumtafutia dada asiyekuwapo.

Na yule mvulana wetu? Dawa yake imo katika rejista za ndoa, ambazo serikali ilianza kuziweka Uingereza na Wales tarehe 1 Julai 1837, zikitaja hali ya bibi harusi na jina la babake. Ikiwa humo mama ameandikwa mjane, jina la babake litatuonyesha ukoo aliozaliwa, na jina aliloingia nalo katika ndoa ya pili, yaani la marehemu mumewe, litakuwa ndilo lile lililoandikwa mbele ya mtoto wa miaka 9.