Kijani si rangi ya kucheua

Mtoto mchanga hucheua. Amenyonya akashiba, akabebwa begani, maziwa kidogo yakarudi. Mama anayafuta kwa kanga, shughuli zinaendelea. Hilo halimnyimi mtu usingizi, wala halipaswi. Kinachotutoa kitandani sisi wapasuaji wa watoto ni simu ya nesi wa wodi ya wazazi anayesema: "Daktari, huyu wa jana katapika kijani."

Kijani hicho ni nyongo. Ini huitengeneza, nayo humwagikia kwenye duodeni, yaani kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba, hatua chache baada ya tumbo la chakula. Kawaida yake ni kuteremka. Ikipanda ikatoka mdomoni, inatubidi tushuku kwamba huko chini njia imeziba. Wapo watoto wanaotapika nyongo kwa sababu nyingine, hasa maambukizi ya damu, na baadhi yao hawatauona mlango wa theata. Hata hivyo kanuni yetu haina mjadala: mtoto mchanga aliyetapika kijani ni mgonjwa wa upasuaji mpaka vipimo viseme vingine. Si chango, si gesi, wala si maziwa ya mama kuwa mazito. Tena ile kanga iliyochafuka msiifue. Njooni nayo, daktari aione rangi kwa macho yake.

Haraka yote hiyo ina sababu moja kubwa. Katika wiki za mwanzo za ujauzito utumbo hukua kuliko nafasi iliyopo tumboni, hivyo hutoka ukakua ndani ya kitovu. Kufikia wiki ya 10 hadi ya 12 huwa umerudi ndani, na katika kwenda na kurudi huko hujizungusha nyuzi 270 kuuzunguka mshipa mkubwa wa damu unaoulisha. Ukimaliza, hujishikiza kwenye ukuta wa nyuma wa tumbo kwa mstari mrefu wa mshazari, kutoka juu kushoto hadi chini kulia. Mstari huo ndio unaouzuia usijisokote. Kwa watoto wachache mzunguko huishia njiani. Utumbo mwembamba, ambao kwa mtoto aliyetimiza miezi una urefu wa takriban mita 2 na nusu, unabaki umening'inia karibu wote kwenye shina jembamba, na mishipa ya damu imepita humo humo. Shina likijisokota, damu inakatika, na baada ya saa chache utumbo unaanza kufa.

Kinachowaponza wengi ni kwamba mwanzoni mtoto huyu haonekani mgonjwa. Tumbo halijavimba, ni laini, analia kwa nguvu, pengine hata choo cheusi cha kwanza alishapata. Wakati tumbo linapojaa na choo kutoka na damu, mara nyingi tumeshachelewa. Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akisema "tumwangalie kwanza" juu ya kijani.

Hali ya mtoto ikiruhusu, tunampa dawa inayoonekana kwenye eksirei na kuifuata inavyopita. Akiwa amezidiwa, tunakwenda theata moja kwa moja. Upasuaji wenyewe unabeba jina la William Ladd wa Boston, aliyeueleza mwaka 1936. Utumbo unatolewa nje ukiwa mweusi au wa zambarau, unasokotolewa kinyume cha mwendo wa saa, kisha unafunikwa kwa vitambaa vyenye maji ya uvuguvugu na watu wanangoja. Mtaalamu wa usingizi anaangalia mashine yake, nesi anabadilisha vitambaa, hakuna anayezungumza sana. Ukirudi kuwa wa waridi, umepona. Sehemu isiyorudi inakatwa. Yenye mashaka mara nyingine tunaiacha, tunafunga tumbo, tunarudi kuitazama kesho yake.

Baada ya hapo yanakatwa matandabui yaliyoibana duodeni, na lile shina linapanuliwa ili lisisokoteke tena. Wazazi wengi hushangaa wakiambiwa kwamba hatuupangi utumbo kama wa watu wengine. Tunauweka mwembamba wote kulia na mpana wote kushoto, na unafanya kazi vizuri. Kidole tumbo kwa kawaida tunakiondoa, kwa kuwa sasa kimehamia kushoto, na siku kikiuma ukubwani daktari wa zamu hatakitafuta huko. Barua ya kuruhusiwa hospitali inayoeleza haya yote itunzwe pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Kuna watoto ambao utumbo wao haukujisokota bali umekatika: kipande cha juu kimeishia kwenye ukuta, cha chini kinaanzia mbali. Zamani iliaminika kwamba utumbo wa kijusi huziba kisha hutoboka, na kwamba hawa ni wale ambao haukutoboka. Maelezo hayo bado yanakubalika kwa duodeni, na huko ndiko tunakokuta watoto wengi wenye sindromu ya Down, takriban mmoja katika kila watatu, na wengine wenye kasoro za moyo. Kwa sehemu za chini zaidi, jibu lilipatikana Afrika, mjini Cape Town. Jannie Louw na kijana aliyeitwa Christiaan Barnard walifungua mifuko ya uzazi ya mbwa wenye mimba, wakafunga mishipa midogo ya damu ya utumbo wa vijusi, wakairudisha mimba mahali pake. Watoto wa mbwa walizaliwa na utumbo uliokatika vilevile kama wa watoto wetu. Waliyachapisha mwaka 1955. Miaka 12 baadaye Barnard akawa mtu wa kwanza kupandikiza moyo wa binadamu, na kazi ile ya utumbo ikafunikwa na sifa za moyo, jambo ambalo kwangu si haki.

Ugunduzi huo ulibadilisha mshono. Kipande cha juu huwa kimevimba hata kufikia upana wa sentimita 3 au zaidi, cha chini hakizidi milimita chache. Wapasuaji wa awali waliviunganisha hivyo hivyo, na haja haikupita. Baada ya Louw na Barnard kuonyesha kwamba ncha ile iliyovimba ndiyo iliyokosa damu, ilianza kukatwa kabla ya kuunganisha, na watoto wakaanza kupona. Ulibadilisha pia, au ulipaswa kubadilisha, mazungumzo ya nyumbani. Mkwe anapouliza mama alikula nini au alimkosea nani, jibu ni kwamba damu ilikatika kwenye mshipa mdogo wa utumbo mtoto akiwa bado tumboni. Hakuna chakula wala kosa la mama hapo.

Sasa tumgeuze mtoto. Ukaguzi wa tundu la haja kubwa haugharimu hata senti, na bado kuna watoto wanaoruhusiwa kwenda nyumbani bila kutazamwa. Takriban mtoto mmoja katika kila 5,000 huzaliwa tundu likiwa halipo au haliko mahali pake. Wa kiume hugundulika mapema, kwani tumbo linavimba, na wakati mwingine mkojo unatoka na uchafu wa kijani. Wa kike hutuhadaa. Tundu dogo likiwa karibu na uke, choo laini cha maziwa kinapita, nepi inachafuka, kila mtu ameridhika. Anapoanzishiwa uji na choo kuwa kigumu ndipo tumbo linapojaa, na bibi anaanza kutafuta dawa ya kulainisha.

Wengi wao hupita hatua tatu. Kwanza kolostomi, yaani utumbo mpana unatolewa kwenye ukuta wa tumbo ili haja ipitie hapo. Kisha njia mpya inatengenezwa. Halafu, baada ya wiki kadhaa za kuipanua taratibu, kolostomi inafungwa. Hatua ya pili tunaidai kwa Alberto Peña, ambaye mwaka 1980, akiwa Mexico, alimpasua mtoto kwa nyuma katikati kabisa, akagusa misuli kwa umeme ili aone inakonyeza wapi, na utumbo akaupitisha hapo hapo. Kabla yake kazi hii ilifanywa kwa kupapasa.

Kolostomi huwatisha wazazi kuliko upasuaji. Basi ifahamike: nyama ile huwa nyekundu na yenye unyevu kama ndani ya shavu lako, na mtoto haumii ukiigusa. Ikiwa nyeusi, rudini hospitali siku hiyo hiyo. Mifuko ya kukingia haja ikikosekana au ikishinda bei, vipande vya kanga kuukuu vilivyofuliwa na kuanikwa juani vinatosha, mradi ngozi ya pembeni ipakwe mafuta mazito au zinki. Mimi naona kanga inamfaa mtoto kuliko mfuko usiokaa vizuri, unaovuja na kuchubua ngozi.

Wengi hudhani watoto hawa hufia kwenye kisu. Mwaka 2021 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa hospitali 264 katika nchi 74. Kwa watoto waliozaliwa matumbo yakiwa nje pembeni mwa kitovu, katika nchi za kipato cha juu walikufa chini ya 2 katika kila 100. Katika nchi za kipato cha kati takriban 32. Katika nchi maskini kabisa walikufa 9 kati ya 10. Kisu ni kile kile. Tofauti kubwa iko kwenye ultrasaundi ya ujauzito, lishe ya mshipani, manesi wa watoto wachanga, na barabara.

Barabara tunaweza kuifanyia kitu. Mtoto anayeletwa hospitali ya Muhimbili, Bugando au KCMC kutoka wilayani afike na mpira puani ulioachwa wazi, usiofungwa, ili nyongo itoke badala ya kumwingia mapafuni, awe na dripu yenye sukari, asinyonye. Awe na kofia na alale kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kwa sababu akifika na joto la nyuzi 34 hatumpasui, tunampasha kwanza. Ila yule ambaye matumbo yako nje asibanwe kifuani: afunikwe kuanzia miguuni hadi kifuani kwa plastiki safi inayopitisha mwanga, alazwe ubavu wa kulia, na asitokee mtu wa kujaribu kuyasukuma ndani.

Nimebakisha ugonjwa wa Hirschsprung, uliopewa jina la daktari wa Copenhagen aliyeueleza mwaka 1886. Utumbo wa mtoto mwenye ugonjwa huu una tundu na umbo zuri, ila kipande cha mwisho hakina seli za neva, hivyo hakilegei kupitisha haja. Zaidi ya watoto 9 katika kila 10 waliotimiza miezi hupata choo cheusi ndani ya saa 24, asiyepata achunguzwe. Tiba ni kukiondoa kipande hicho na kuushusha utumbo wenye neva, kama alivyofanya Orvar Swenson mwaka 1948. Mtoto aliyekwisha kupasuliwa hivyo akianza kuharisha choo chenye harufu kali isiyo ya kawaida, tumbo likavimba na homa ikapanda, asipewe dawa ya kuzuia kuharisha kutoka duka la dawa. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na barua yake mkononi.