Kabla Hujanunua Nyumba ya Wapangaji

Dalali wa nyumba Dar es Salaam ana hesabu moja tu: vyumba, mara kodi, mara miezi 12. Ukiuliza swali la pili anakutazama kama mtu anayeipiga teke riziki yake mwenyewe. Mimi nasimamia nyumba za wapangaji kwa niaba ya wenye mali, baadhi yao wakiishi Muscat na London, na wakitaka kununua nyingine hunituma nikaitazame kwanza. Hesabu ya dalali huwa naiandika vizuri daftarini. Kisha naanza kuikata.

Kuna nyumba moja ya Tabata ilinadiwa kwa milioni 95. Ndani ya ua mna chumba na sebule sita, vyoo ndani, kila moja kodi 150,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 10.8, yaani zaidi ya asilimia 11 ya bei. "Mama, hii inajilipa yenyewe," akasema dalali.

Haijilipi. Wapangaji huhama, na kati ya anayetoka na anayeingia kuna kupaka rangi na kusubiri. Nahesabu kila chumba na sebule kitakaa kitupu mwezi mmoja kwa mwaka: 900,000 imeondoka. Inayobaki inadaiwa kodi ya zuio ya pango, asilimia 10, ambayo madalali huizungumzia kama ni hadithi ya nchi nyingine. Naweka 900,000 ya matengenezo, maana koki, vitasa na mabati havijui kuwa umestaafu. Gari la majitaka nalo, kwa shimo dogo kama lile, si chini ya 400,000 kwa mwaka. Kodi ya jengo ni ndogo, 18,000 kwa nyumba ya kawaida, inakatwa unaponunua umeme wa LUKU. Mwisho wa yote mkononi inabaki milioni 7.6 hivi.

Na bei nayo si 95. Paa lilihitaji milioni 7. Wakili, ushuru wa stempu na ada za kuhamisha umiliki nikaviwekea 3. Jumla 105. Gawanya: asilimia 7 na kidogo. Hati fungani za serikali za muda mrefu zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10, na hakuna anayekupigia saa nne usiku kukwambia choo kimeziba.

Najua jibu: kiwanja kinapanda thamani, hati fungani haipandi. Ni kweli, na Tabata kiwanja ni kiwanja. Lakini kupanda huko unakuona siku unauza, na ada ya shule ya watoto haisubiri siku hiyo. Mteja wangu alitaka asilimia 10, basi bei yake ilikuwa milioni 65 au 66. Mwenye nyumba alicheka. Si neno, nyumba ni yake.

Hesabu hiyo hufanyika mezani. Nyingine inahitaji miguu, tena jioni, wapangaji wakiwa wamerudi. Natazama mita: kila mpangaji ana LUKU yake, au wanachanga? Kuchangia LUKU ni ugomvi wa kila mwezi, na mpangaji mwenye kipato cha uhakika ndiye wa kwanza kuhama. Natazama alama ya maji ukutani, hasa maeneo yaliyo karibu na bonde la Msimbazi. Halafu nawasalimia kina mama wa pale uani na kuwauliza wanalipa ngapi hasa. Pale Tabata wawili walikuwa wakilipa 120,000.

Kwa nyaraka nisikuchoshe: wakili afanye upekuzi kwa msajili wa hati. Leseni ya makazi si hati miliki, na barua ya serikali ya mtaa si mojawapo ya hizo mbili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenza kwa nyumba ya familia. Muulize muuzaji mkewe yuko wapi, hata akinuna. Hifadhi ya barabara nayo usiipuuze. Wa Kimara hadi Kiluvya waliobomolewa mwaka 2017 kando ya Barabara ya Morogoro wanajua.

Lakini linalowaumiza wanunuzi wengi kimya kimya ni kodi ya mbele. Huku kwetu mpangaji hulipa miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Muuzaji mjanja hukusanya kodi ya mwaka Januari, akauza Machi. Unakabidhiwa funguo, wapangaji sita na miezi tisa bila senti, na huwezi kuwadai watu waliokwisha kulipa. Siku ya kusaini, mkataba wa mauziano uonyeshe kila mpangaji amelipa mpaka tarehe gani, risiti ziambatanishwe, na fedha ya miezi iliyobaki ikatwe kwenye bei. Muuzaji akigoma, beba mkoba wako uondoke.