Nyumba ya Shamba Karibu na Mji: Khabari za Sakina na Pande za Meru

Tangu msimu uliopita ofisi ya Chama imekuwa ikipokea maswali yanayofanana kutoka kwa wanachama wa Wete, wa Chake Chake na hata wa Mkoani. Watoto wetu wengi wako Bara kwa kazi na biashara, na Arusha ni mmoja katika miji iliyowavuta. Mzee akishapima karafuu zake na fedha zikaingia mkononi, hupata khabari kwa mwanawe ya kuwa ameona kiwanja Sakina, mjini si mbali, na mahali penyewe ni shamba; pana nafasi ya migomba na ng'ombe mmoja wa maziwa, basi baba asaidie. Hapo mzee huja kutuuliza Sakina ni mahali gani, na je, yafaa fedha za karafuu ziende huko?

Tamaa ya kufanya kazi mjini na kulala shamba hatuilaumu hata kidogo. Kwetu visiwani ni jambo la zamani. Unguja walikuwa na reli ya Bububu tangu 1905, maili kama saba tu, na watu wakiipanda kwenda na kurudi kati ya mji na mashamba. Reli hiyo ilikwisha kung'olewa zamani, lakini ile hamu ya kusikia ndege alfajiri na kufika kazini kabla ya saa mbili haikung'olewa pamoja nayo.

Sakina iko upande wa magharibi ya kaskazini ya mji wa Arusha, kwenye barabara kuu iendayo Namanga na Nairobi, chini ya mlima Meru ambao kimo chake chazidi mita 4,500. Aliyepita chuoni akisikia jina hilo hufikiri utulivu. Na asifikiri sana, maana malori ya Kenya hupita hapo usiku na mchana! Tangu ilipojengwa barabara pana ya njia nne kutoka Sakina mpaka Tengeru, kilomita kama 14 zikikata mji, pande hizo zimejaa nyumba na maduka. Kwa hiyo mwenye kutafuta shamba khasa aelewe kwamba Sakina ya barabarani ni mji sasa. Shamba huanza ukiiacha lami na kupanda kuelekea mlimani, kwenye migomba na kahawa za Waarusha, na huko vipande ni vidogo na bei si ndogo.

Ndipo wengine husogea mbele. Ngaramtoni, katika barabara hiyo hiyo, ina gulio kubwa na hospitali ya Selian, na karibu yake kuna kituo cha utafiti wa kilimo kinachojulikana kwa mbegu za maharage. Lakini kadiri uendavyo mbele kuelekea Oldonyo Sambu mvua hupungua, kwa kuwa mlima huizuia. Kisongo, penye uwanja wa ndege, ni tambarare yenye upepo na vumbi. Viwanja huko ni vikubwa, ila mgomba hautastawi bila ya kumwagiwa maji. Upande wa mashariki, Tengeru na Usa River, ndio wenye mito na kijani kibichi ambacho Mpemba akikiona moyo wake hutua. Gulio la Tengeru siku ya Jumamosi laweza kumsahaulisha mtu safari yake. Kama fedha ni zetu na kazi ya kijana iko mjini, sisi tungetazama Tengeru kabla ya Sakina.

Lakini kabla ya mvua, barabara na gulio, liko jambo moja ambalo vijana hawaliandiki katika barua zao, pengine kwa kuwa hawalijui. Nalo ni maji.

Meru ni mlima wa moto. Mawe yake yana madini yaitwayo floraidi, na maji yapitayo chini ya mawe hayo huyachukua. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni kwamba maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita moja, na pande za Meru visima na chemchemi nyingi huzidi kipimo hicho, nyingine kwa mara kadha wa kadha. Aliyewahi kuona watu waliokulia huko amewaona wenye meno ya rangi ya kahawia, safi lakini yenye madoa yasiyotoka kwa mswaki wala kwa dawa. Hayo ndiyo madogo. Maji yakiwa mabaya sana, na mtu akayanywa miaka mingi, mifupa nayo huumia, na wako watoto wanaopinda miguu. Mtu mzima akihamia huko na meno yake yalikwisha kukomaa, meno hayatabadilika. Wajukuu ndio watakaolipa, khasa walio chini ya miaka minane, kwa kuwa meno yao ya pili yangali yanaumbika ndani ya ufizi.

Maji hayo hayana rangi, hayana harufu, na huwa baridi na matamu kinywani. Kuyachemsha hakusaidii. Mvuke hutoka na floraidi hubaki, basi yakichemka sana huzidi kuwa makali. Wala msidhani kisima cha jirani kikiwa kizuri na chenu kitakuwa kizuri, maana visima viwili vilivyo karibu vyaweza kutofautiana mno. Tena wenyeji wa huko hupenda kutia magadi katika makande na maharage ili yaive upesi, na magadi hayo nayo yana floraidi. Mkaza mwana kutoka Pemba na aendelee kupika kwa nazi kama alivyofunzwa na mama yake.

Dawa zipo. Ya kwanza ni kupima. Mjini Arusha iko maabara ya maji ya Serikali, na chupa moja ya maji ya kisima kile kile kinachouzwa pamoja na kiwanja yatosha kupelekwa huko. Ya pili ni bomba la mamlaka ya maji ya mji, pale lilipofika. Lakini muulizeni jirani kama maji hutoka kila siku au hutoka mara moja kwa juma, maana bomba kavu si bomba. Ya tatu ni mvua. Maji ya mvua hayana madini hayo, na nyumba ya bati yenye mifereji mizuri na tangi kubwa yaweza kuwapa watoto maji ya kunywa na kupikia, hata kama ya kuogea na ya ng'ombe ni ya kisima. Iko na njia ya kuchuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambayo kituo cha Serikali cha Ngurdoto kimeifanyia kazi kwa miaka mingi. Mkaa huo huchoka, na yapasa ubadilishwe kwa wakati wake.

Baada ya maji tazameni makorongo. Kwetu maji ya mvua hukimbilia baharini kwa njia fupi. Huko hushuka kutoka mlimani kwa kishindo, na korongo lililokavu mwaka mzima hujaa kwa saa moja. Mwezi wa Aprili 2024 gari la wanafunzi lilichukuliwa na maji ya korongo mjini Arusha, na watoto wakafa. Basi kiwanja kionwe wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, na kijana apite kwa miguu njia atakayopita mtoto kwenda skuli. Akionyeshwa kiwanja mwezi wa Januari, jua likiwaka, na dalali akamwambia njia hupitika mwaka mzima, asitoe fedha bado.

Katika sheria, ardhi ya Bara ni mali ya umma chini ya Rais, na mtu hupata haki ya kuikalia. Sheria mbili za 1999, moja ya ardhi na moja ya ardhi ya vijiji, ndizo zinazotawala. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji ni hili: kiwanja kiko katika Jiji la Arusha, au katika Halmashauri ya Wilaya? Pande za Sakina mpaka uko karibu sana, na ofisi ya kwenda hubadilika. Kimepimwa au hakikupimwa? Mke wa muuzaji na ndugu zake wanajua? Kwa Waarusha na Wameru kihamba ni cha ukoo, na ndugu asiyeulizwa huja baadaye na shauri. Watu wale wanajua uchungu wa ardhi. Mwaka 1951 Wameru kama 3,000 walitolewa kwa nguvu Engare Nanyuki ili kuwapisha wazungu, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet alilifikisha jambo lao mbele ya Umoja wa Mataifa, New York. Kwa hiyo mgeni aende kwa adabu, apite kwa mwenyekiti, majirani wote wa mpakani wahudhurie, na fedha zipite benki. Viwanja vinavyouzwa mara mbili viko kila mji, na Arusha haikosi.

Wako waliotuuliza kama waweza kuchukua miche ya mikarafuu. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, ilhali kilima kirefu kabisa cha Pemba hakifiki hata mita 150. Kipupwe cha huko, mwezi wa Juni na Julai, humtia mtu blanketi mbili. Mkarafuu hautakubali. Na walio na nia ya kuuza shamba hapa ili wanunue kule, wakumbuke ya kuwa eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 ni ardhi ya Serikali iliyo mikononi mwetu kwa kuitumia, na haiuzwi kama mali ya dukani. Hata kwa mashamba yaliyo yetu, rai ya ofisi hii ni kwamba nyumba ya Arusha ijengwe kwa mavuno, wala si kwa mikarafuu yenyewe.

Mwanachama mmoja wa upande wa Wete, ambaye mwanawe alikwisha kutoa arubuni ya kiwanja juu ya Sakina, alitusomesha barua hiyo juma lililopita. Tulimshauri asitume fedha zilizobaki mpaka maji yapimwe. Kijana amekwisha kujaza chupa na kuipeleka maabara, naye baba ameahidi kutuletea majibu ofisini yatakapofika.