Mshindi Yuko Meatu, Ukumbi Uko Dar

Tarehe 13 Aprili 2023, siku ya kumbukizi ya kuzaliwa kwa Mwalimu Julius Nyerere, waandishi walikusanyika Dar es Salaam kwa sherehe ya kwanza ya Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Tarehe hiyo ilichaguliwa kwa heshima, na inastahili. Kwa mtaalamu wa usafirishaji, hata hivyo, Aprili ina jambo jingine la kuzingatiwa: ni katikati ya masika, miezi ambayo barabara za vijijini hukatika na Bonde la Msimbazi, katikati ya jiji lenyewe, hujaa maji.

Mwalikwa anayekaa Upanga, jijini humo, huondoka nyumbani saa moja kabla ya shughuli. Anayetoka Mwandoya, wilayani Meatu, mkoani Simiyu, ana hesabu tofauti kabisa. Ataanza kwa bodaboda, apande Hiace au mchomoko (gari dogo la abiria wa kuchangia) hadi Maswa au Bariadi, kisha basi la zaidi ya kilomita 1,000 kupitia Shinyanga, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro, ateremke Kituo cha Mabasi cha Magufuli pale Mbezi Louis, halafu atafute usafiri wa kumfikisha ukumbini. Akipita Mwanza ili apande ndege, anapunguza saa za barabarani, lakini anaongeza uwanja wa ndege, mizigo na hali ya hewa ya ziwani.

Safari ya namna hii inapoharibika dakika za mwisho, watu husema mwenzetu hakuwa na bahati. Ukifuatilia kwa karibu, chanzo mara nyingi kiko wiki kadhaa nyuma: siku barua ya mwaliko ilipotumwa, siku tiketi ilipokatwa, na jina lililoandikwa juu ya tiketi hiyo.

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini. Tuseme safari ina hatua tano, na kila hatua huenda sawa mara tisa katika kila mara kumi. Ukiitazama hatua moja peke yake, huna sababu ya kuhofu. Lakini ili mtu afike kwa wakati, zote tano lazima ziende sawa, na uwezekano wa hilo ni tisa ya kumi ikizidishwa yenyewe mara tano, yaani takriban asilimia 59. Mwenye hatua moja hukosa safari moja katika kumi. Mwenye hatua tano hukosa nne, ingawa kila dereva aliyempakia alifanya kazi yake vizuri kama kawaida. Huo ndio mzigo anaobeba mtu wa Simiyu kila anapoitwa mbali, na hakuna uzembe wowote ndani yake.

Hatua ya kwanza ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Sehemu kubwa ya Maswa, Meatu na Itilima ina udongo mweusi wa mbuga, ule unaofaa kwa pamba na mpunga. Ukikauka hupasuka nyufa za kuingia mkono. Ukilowa hunata. Matope hujaa kati ya tairi na madigadi ya pikipiki mpaka tairi linagoma kuzunguka, na mwendesha bodaboda hulazimika kusimama kila baada ya mwendo mfupi, akate kijiti, ayachokonoe, asogee, asimame tena. Abiria naye yuko pembeni, ameshika viatu mkononi na suti ndani ya mfuko wa nailoni. Kilomita 20 ambazo wakati wa kiangazi ni safari ya nusu saa zinaweza kula asubuhi nzima. Korongo lisilo na daraja likijaa, hakuna la kufanya ila kungoja maji yapungue.

Baada ya hapo mambo ni afadhali kuliko zamani. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa hasa kutoka Shinyanga, na kwa miaka kadhaa makao makuu yake, Bariadi, yalikuwa mwisho wa vumbi. Januari 2017 Rais John Magufuli alifungua barabara ya lami ya Bariadi hadi Lamadi, kilomita 71.8, iliyouunganisha mji huo na barabara kuu ya Mwanza na Sirari. Upande wa kusini nako ikaja lami: Mwigumbi, kwenye barabara kuu ya Shinyanga na Mwanza, hadi Maswa kilomita 50.3, na Maswa hadi Bariadi kilomita 49.7. Leo msafiri wa Bariadi mjini ana njia mbili za lami za kutokea. Msafiri wa Mwanhuzi, wilayani Meatu, au Lagangabilili, wilayani Itilima, ni lazima kwanza azifikie.

Kuna badiliko jingine lililogusa kila abiria wa masafa marefu. Kwa miaka mingi mabasi yalizuiwa kusafiri usiku kucha kwa sababu za usalama, na basi lililochelewa njiani lililazimika kulala Dodoma au Morogoro na abiria wake. Juni 2023 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alitangaza bungeni kuondolewa kwa zuio hilo, na kuanzia Oktoba mwaka huo Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) ikaruhusu mabasi kusafiri saa 24. Kwa anayewahi sherehe ni nafuu kubwa, ila imeleta mtego mpya kwenye tiketi. Basi linaloondoka saa 00:30 tarehe 12 linaondoka usiku wa kuamkia tarehe 12. Anayekwenda stendi usiku wa tarehe 12 atakuta limeshapita siku nzima. Vivyo hivyo, 06:00 kwenye tiketi ni saa kumi na mbili asubuhi. Dawa ni kumwomba wakala, pale pale dirishani, ataje siku na saa kwa mdomo na aziandike nyuma ya tiketi.

Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma katikati ya mwaka 2024, imewapa watu wa Kanda ya Ziwa njia ya kukwepa sehemu ya mwisho ya barabara. Mtu anaweza kushuka basi Dodoma, apumzike, kisha amalizie kwa treni kwa chini ya saa nne, bila foleni ya Kibaha na Kimara. Hiyo nayo ni hatua ya ziada, na anayeitumia aache nafasi ya kutosha kati ya basi na treni, kwa kuwa treni haitamsubiri.

Kuhusu ndege, kosa la kawaida ni kukata tiketi ya ndege ya mwisho ya siku ili kubana gharama ya kulala. Ndege ya asubuhi ikiahirishwa, kuna ya mchana na ya jioni za kuhamia. Ya mwisho ikiahirishwa, hakuna kitu mpaka kesho. Novemba 2022 baadhi ya ndege za Airbus A220 za Air Tanzania zilisimamishwa kwa tatizo la injini zinazotengenezwa na Pratt & Whitney, na ratiba ikayumba. Mwezi huo huo, tarehe 6, ndege ya Precision Air iliyokuwa ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa ilianguka Ziwa Victoria, na watu 19 wakapoteza maisha. Rubani anayesema hatutui leo anapaswa kushukuriwa, hata kama sherehe inaanza baada ya saa mbili.

Halafu kuna jina. Mashirika ya ndege hutaka jina la tiketi lifanane na la kitambulisho. Usukumani majina mengi yana ng' yenye king'ong'o, na mifumo mingi ya tiketi haipokei alama yake ya ritifaa, hivyo Ng'wandu wa kitambulisho cha NIDA huweza kutokea Ngwandu kwenye tiketi na Mwandu kwenye barua ya mwaliko. Msanii naye hualikwa kwa jina la jukwaani, kamati ikamkatia tiketi kwa jina hilo hilo, na kumbe halipo kwenye karatasi yoyote ya serikali. Kosa la herufi hurekebishwa kwa simu moja wiki mbili kabla. Likigundulika kaunta, dakika chache kabla ya dirisha kufungwa, linaweza kumrudisha mtu nyumbani.

Kwa tuzo za nje ya nchi, karatasi ndizo zinazoamua. Mfano mmoja unaojulikana Afrika Mashariki ni wa mkimbiaji Ferdinand Omanyala wa Kenya. Julai 2022 alitakiwa kukimbia mita 100 kwenye Mashindano ya Dunia ya riadha mjini Eugene, Marekani. Viza yake ilitoka Alhamisi tarehe 14, siku moja kabla ya mbio za mchujo. Akasafiri usiku na mchana, akatua Ijumaa ikiwa zimebaki chini ya saa tatu akimbie. Alivuka mchujo kwa sekunde 10.10, lakini safari yake iliishia nusu fainali. Wiki chache baadaye, tarehe 3 Agosti, alishinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham kwa sekunde 10.02. Hakuna anayeweza kuapa kwamba uchovu ndio uliomnyima fainali ya Eugene. Linaloweza kusemwa ni kwamba bingwa aliingia uwanjani na mwili uliotoka moja kwa moja kwenye kiti cha ndege, wakati wapinzani wake walikuwa wamelala kitandani.

Baadhi ya masharti hayaharakishwi hata kwa fedha. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa nchi zinazokidai, huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa; anayechanjwa Jumatatu kwa safari ya Ijumaa amechelewa tayari. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha yote, kwa hiyo mwenye ndoto za jukwaa la nje anaweza kuchanja leo. Viza ya Schengen huweza kuombwa hadi miezi sita kabla ya safari, na ombi lisiwasilishwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Pasipoti ya kielektroniki, iliyozinduliwa Januari 2018, nayo ina hatua zake. Kikundi cha ngoma kinachosafiri na ngoma zilizowambwa ngozi kiulize mapema vibali vya mazao ya wanyama, maana ngoma iliyozuiliwa forodhani huwaacha wachezaji wakipiga makofi.

Msafiri afanye nini basi? Jambo kubwa kuliko yote ni kujua pa kuweka muda wa akiba. Wengi huugawa: nusu saa hapa, saa moja pale. Ukigawanywa hivyo hauokoi kitu, kwa sababu basi likiharibika Nzega huchukua saa sita, haliulizi ulitenga ngapi. Ukusanywe wote na uwekwe mwishoni, katika mji wa sherehe, kama usiku mmoja kamili wa kulala. Aliyepanga kufika Dar tarehe 12 mchana anaweza kuharibikiwa mara mbili njiani na bado akaoga, akala na kunyoosha nguo zake kabla ya sherehe ya tarehe 13. Kuna akiba ndogo ya pili kwa wanaotoka vijijini wakati wa mvua: kulala Maswa au Bariadi siku moja kabla ya basi, ili matope yasiamue kila kitu. Nguo za sherehe, barua ya mwaliko na dawa zisiingie kwenye buti la basi wala tumbo la ndege, zikae mkononi. Namba ya simu ya mratibu iandikwe pia kwenye karatasi, kwa kuwa simu huzima chaji.

Lakini si haki kumwachia mshindi mzigo wote. Kamati inayotuma barua siku tano kabla, kisha ikaahidi kurudisha nauli baada ya sherehe, imeshachagua nani atahudhuria, hata kama haikukusudia. Mkulima au mwalimu wa shule ya msingi Meatu hana fedha ya kukopesha kamati. Kamati zilizo makini huuliza swali moja mapema: unaanzia safari yako wapi, kijiji gani? Jibu ndilo linalopanga tarehe ya barua, aina ya tiketi na idadi ya usiku wa kulala. Zikipokea majina ya wateule, zinalinganisha herufi na kitambulisho. Na katika ratiba ya siku yenyewe hazimweki anayetoka mbali zaidi awe wa kwanza kuitwa jukwaani.

Pia tuzo inaweza kumfuata mshindi. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alitangazwa mshindi wa Nobel ya Fasihi tarehe 7 Oktoba 2021, wakati UVIKO-19 ulikuwa umefanya mkusanyiko wa Stockholm kuwa mgumu. Alikabidhiwa medali yake London, tarehe 6 Desemba 2021, kwenye makazi ya balozi wa Uswidi, na heshima ya tuzo haikupungua hata chembe. Desemba 2022 washindi wa miaka ya janga walialikwa Stockholm kusherehekea na wenzao. Kama taasisi yenye zaidi ya miaka 100 ya taratibu zilizozoeleka iliweza kumfuata mshindi, kamati ya tuzo ya mkoa au ya taifa inaweza kumkabidhi mshindi aliyekwama na mafuriko tuzo yake katika ofisi ya mkuu wa wilaya, mbele ya ndugu na majirani, na picha zikaonyeshwa ukumbini.

Ziko pia sherehe zilizogeuza mwelekeo wa safari. Mwaka 2018 na 2019 maonesho ya Nane Nane ya kitaifa yalifanyika viwanja vya Nyakabindi, nje kidogo ya mji wa Bariadi. Mawaziri, taasisi za utafiti na kampuni za Dar es Salaam ndio waliofunga safari, na wakulima wa Itilima na Maswa wakafika kwa baiskeli na Hiace. Viwanja vile vipo, na lami inafika kutoka Lamadi na kutoka Mwigumbi. Waratibu wa tuzo za kitaifa za waandishi, walimu, wasanii na wanamichezo wanaweza kuiweka Bariadi kwenye orodha ya miji wanayoijadili katika kikao chao cha kwanza, kabla malipo ya ukumbi wa Dar hayajafanyika.